Nauli "nafuu" za kwenda Bali: tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Aliyewahi kutafuta tiketi ya kwenda Bali anaujua mchezo. Unafungua mtandao wa wakala, unakuta nauli ya kuvutia kwa herufi nene, na pembeni yake neno dogo "kuanzia". Unabonyeza. Unajaza majina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa. Ukishachoka kujaza ndipo yanaanza kuchomoza: begi la kupakia lina bei yake, siti ina bei yake, kulipa kwa kadi kuna ada, na juu yake "ada ya huduma". Unapofika mwisho, nauli imelingana na ile ya shirika kubwa uliloliruka mwanzoni kwa sababu lilionekana ghali.

Wasituambie haiwezekani kufanya vinginevyo. Umoja wa Ulaya una kanuni tangu 2008 inayotaka bei inayotangazwa iwe na kodi na tozo zote zisizokwepeka. Marekani nao wanadai bei kamili kwenye matangazo ya nauli tangu 2012. Ujanja uliobaki ni kuliita begi "huduma ya hiari". Hiari ya nani? Nani anavuka bahari kwenda likizo ndefu na kibegi cha kilo 7?

Hata hivyo, begi ningelimeza. Kinachonichemsha damu ni tiketi za kuungaunga. Wakala anachukua ndege ya shirika moja hadi Kuala Lumpur, anaibandika kwa ndege ya shirika jingine hadi Denpasar, mji mkuu wa Bali, mashirika yasiyo na makubaliano yoyote kati yao, halafu anakuuzia kama safari moja. Kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote, inakaa juu kabisa kwenye orodha. Maana yake halisi utaijua ukishatua: unapita uhamiaji na kuingia Malaysia rasmi, pamoja na ile kadi ya kidijitali ya kuingia nchini iliyo ya lazima tangu Januari 2024. Unasubiri begi lako. Unapanda treni kutoka Terminal 1 kwenda Terminal 2, kwa sababu ndege za bei nafuu ziko huko. Unapanga foleni upya kukabidhi mzigo. Na kama pasipoti yako inahitaji viza ya Malaysia, wanaweza kukukatalia kupanda ndege kule kule ulikoanzia, tiketi ikiwa mkononi.

Mimi ndege ya kwanza ilichelewa. Nilipofika kaunta ya pili imeshafungwa, na kwa shirika lile mimi nilikuwa abiria ambaye hakutokea, basi. Nikanunua tiketi nyingine kwa bei ya siku ileile, na kila anayesafiri anajua bei ya siku ileile ilivyo. Wakala nilipomwandikia akajibu kwamba ningenunua "ulinzi wa maunganisho" ningesaidiwa, kisha akanipa vocha. Yaani hatari kaitengeneza yeye, na kinga anaiuza yeye!

Nieleweke: sigombani na msimu. Julai, Agosti na sikukuu za Desemba kila mtu anataka Bali, na uwanja wake wa ndege, Ngurah Rai, una njia moja tu ya kurukia. Bei lazima ipande. Siku ya Nyepi uwanja hufungwa saa 24 nzima, na hiyo ni ibada ya wenyeji, tunaiheshimu na kupanga safari kuizunguka.

Sigombani na serikali ya Indonesia pia. Viza unayopewa ukifika, kwa wale ambao nchi zao zimo kwenye orodha, ni rupia 500,000. Tozo ya watalii ya Bali ni rupia 150,000 tangu Februari 2024. Unaweza kulalamika kwamba ni nyingi, lakini unazijua kabla hujafunga begi. Serikali inakutajia hadi rupia ya mwisho, halafu muuza tiketi mwenye kompyuta za kila aina anashindwa kunitajia bei yake hadi ukurasa wa mwisho? Hashindwi. Hataki.

Ninachodai si kikubwa. Bei ya kwanza ninayoiona iwe na begi la kilo 20. Tiketi za kuungaunga ziondolewe kwenye orodha ya kawaida, anayezitaka azitafute mwenyewe, na ziandikwe kwa maneno makubwa: ukichelewa, hasara ni yako.

Aliyepata tiketi moja, yenye begi, hadi Denpasar, akalipa bei ileile aliyoiona mwanzo, aweke hapa alipitia njia gani na alikata miezi mingapi kabla. Na mliokwama katikati kama mimi, semeni mlirudishiwa pesa au vocha. Yangu nimeikataa, nadai nauli yangu.