Kindi wa Amani na Maesopsis: wanaisambaza au wanaimaliza?

Mpitanjia: Wadau habari zenu, juzi nilikuwa hifadhi ya Amani kule Usambara Mashariki, sasa nikamkuta kindi kwenye tawi la mti wa Maesopsis, kashika tunda kwa mikono miwili, nyama anaitema chini anahangaika na kokwa tu. Muongoza wageni akasema huo mti ni mvamizi. Hivi hawa kindi si ndo wanaoueneza?

HondoMuheza: Mkuu unamsingizia mnyama wa watu. Kindi anapasua kokwa ale kiini, na ikishapasuliwa ndo basi haioti tena. Msambazaji mkubwa ni ndege hondohondo, yeye anameza tunda zima anaruka nalo mbali huko halafu anatapika kokwa nzima haina hata alama, pita chini ya miti anayopenda kutua uone miche ilivyojaa kama mchicha. Kima nao wanakula ila hawafiki mbali kivile.

Bibi Shamba: Hondo nakubali ila kindi naye usimfanye malaika, kokwa anayoiangusha bila kuitoboa inaota vizuri tu. Halafu mnasahau mwanga. Maesopsis kwenye kivuli kizito haifiki popote, inataka pengo la kupitisha mwanga. Mti ulikuja tangu enzi za Mjerumani, wakaja kuupanda zaidi, na magogo yakavunwa kwa mashine mpaka miaka ya 80, msitu ukabaki na matundu kila kona. Hifadhi imetangazwa 1997, mti ulishajimilikisha zamani!

Mhaya_Og: Kwetu Kagera huo ni mti wa asili bana, mbao safi, hausumbui mtu. Si muikate yote mpate mbao?

Bibi Shamba: Ukikata yote kwa mpigo umefungua mwanga upya, miche inalipuka. Bora kuibambua gome ife taratibu imesimama, huku chini miti ya asili inakua.

Mpitanjia: Kwa hiyo hawa wanyama wa kuguguna kama kindi hawapandi chochote?

HondoMuheza: Wanapanda, ila siyo lazima mti huo. Angalia msambu, mti wa asili wa huku, tunda lake zito balaa, hondohondo hawezi kulimeza. Linadondoka, panya buku anakuja usiku anabeba mbegu anaenda kuzifukia huku na huku, zile asizozirudia ndo miche. Ndo maana wanaotega panya buku kwa ajili ya kitoweo wanatuharibia kuliko huyo kindi wako.