Wakuu naomba ushauri: nimtoe dogo hospitali nimrudishe nyumbani Singida au tuendelee kukomaa hapa Dar?

Mnyampaa_Mbezi
Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, alikuwa anaendesha bodaboda hapa Dar, akagongwa na Fuso maeneo ya Mbezi akitokea kushusha abiria. Ameshafanyiwa operesheni, namshukuru Mungu anaongea, anakula, anacheka na washkaji, ila bado yuko wodini na mimi ndo kila kitu, ndo mlezi ndo mweka hazina ndo wa kukimbizana na dawa zile ukifika dirishani wanakwambia hakuna kanunue nje. Shangazi anashinda naye mchana, usiku nalala mimi pale kwenye benchi, asubuhi naunga kazini macho mekundu bosi ananiangalia tu.

Wana wa kijiweni kwake wamechanga, wakachanga tena, hela nzuri tu sikatai, ila sasa wanataka kujua kila kitu, risiti ziko wapi, dokta kasema nini, wanaingia wodini sita kwa mpigo mpaka manesi wanafoka. Bimkubwa yuko kijijini Iramba, kila jioni analia kwenye simu anataka mwanae.

Hesabu yangu ni hii, nikodi Noah, tulaze siti, tumpeleke nyumbani, kule kuna mama, kuna dada zangu wawili na kuna mzee mmoja anakanda mifupa anasifika ukanda wote ule. Kijiweni wamegoma, wanasema nikimtoa hela yao irudi. Nifanyeje? Matusi sitaki.

Kijogoo wa Tandale
Pole sana mkuu. Siti ya mbele nimeshawahi.

Mtumishi Asiyechoka
Poleni sana. Ila tuseme ukweli vijana wa boda nao wamezidi, helmeti anaining'iniza kwenye kioo, mishikaki ya watu watatu, taa nyekundu kwao ni pambo. Kila nikipita barabarani nawaombea. Huyo dogo alikuwa amevaa helmeti?

Mnyampaa_Mbezi
Alivaa. Kichwa hakina hata mkwaruzo.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Kwenye michango mkuu kuwa makini sana. Baba yangu mdogo alipougua tuliunda grupu la wasapu, mweka hazina akawa binamu yetu mmoja msomi kabisa anafanya kazi ofisi yenye kiyoyozi, hela ikaingia watu wanapongezana, siku ya siku mgonjwa anatakiwa kulipiwa binamu simu haipatikani, kumbe kaingiza kwenye mzigo wa vitenge akijua utatoka haraka. Mpaka leo hatuongei, kwenye msiba wa bibi alikaa hema la pili. Wewe andika daftari, kila senti, na risiti piga picha urushe grupuni hapohapo.

Wakili wa Kibarazani
Mnamuuliza helmeti hamuulizi Fuso. Mleta mada, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mnayo? Askari wa trafiki alichora ramani ya ajali? Namba ya gari unayo? Ingia kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, uweke hiyo namba uone bima ya hilo Fuso ilikuwa hai siku ya ajali au ilishakufa. Hata kama ni bima ndogo, hiyo ndo kazi yake, kulipa mtu wa tatu aliyeumia. Muda wa kufungua madai mahakamani ni miaka 3 ila usisubiri, mashahidi wanahama. Na usisaini karatasi yoyote ya kumalizana.

Mnyampaa_Mbezi
PF3 tunayo. Tajiri wa Fuso alikuja mwenyewe, mstaarabu, akaacha laki tano na mchele kilo 25. Nilisaini kwenye daftari lake kwamba nimepokea basi.

Wakili wa Kibarazani
Juu ya sahihi yako paliandikwa nini?

Mnyampaa_Mbezi
Mkuu ilikuwa usiku, watu wanataka hela ya vipimo, nani ana muda wa kusoma daftari. Naomba turudi kwenye mada, nimtoe nisimtoe.

Chuma Chakavu
😂😂 mchele kilo 25 umemaliza kesi ya Fuso. Nchi tamu hii.

Nesi Mama Kay
Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya majeruhi miaka mingi. Nimesoma toka juu hujasema mgonjwa kavunjika wapi. Mguu? Nyonga? Haiwezekani kushauri mtu kubebwa Noah toka Dar mpaka Iramba, hiyo ni kilomita mia saba na kitu, bila kujua kilichovunjika.

Mnyampaa_Mbezi
Mgongo kidogo. Wameweka vyuma, operesheni imeenda vizuri, dokta mwenyewe alisema vyuma vimekaa.

Nesi Mama Kay
Mgongo hauvunjiki kidogo kaka. Miguu anaichezesha?

Mnyampaa_Mbezi
Bado ina ganzi. Ndo maana shangazi kila jioni anamwekea chupa za maji ya moto kwenye nyayo na kumkanda, damu itembee. Juzi imetoka lengelenge kubwa kwenye kisigino ila yeye hata hakulalamika.

Nesi Mama Kay
ONDOENI HIZO CHUPA LEO HII. Hakulalamika kwa sababu hasikii! Hilo lengelenge ni kaungua, mwoneshe nesi wa zamu sasa hivi, usilitoboe. Mtu asiyesikia miguu haguswi na maji ya moto, wala hawekwi jirani na jiko. Sasa niambie ukweli, dokta alikwambia nini? Sio vyuma, vyuma vimekaa sawa. Kuhusu uti wa mgongo.

Kijogoo wa Tandale
Mleta mada kaingia mitini au?

Chuma Chakavu
Yuko anatype anafuta, anatype anafuta.

Mnyampaa_Mbezi
Sawa. Dokta aliniita pembeni baada ya MRI, akasema uti umeumia vibaya na tujiandae kwamba anaweza asitembee tena. Aliniambia mimi tu. Sijamwambia mtu, wala shangazi wala mama wala kijiweni. Dogo mwenyewe anajua ni ganzi ya operesheni, anapanga akitoka arudi barabarani, wenzake wamemtunzia pikipiki wameipiga na rangi.

Na kabla hamjaanza kunisema, mama ana presha, aliwahi kuanguka baba alipofariki. Dogo nikimwambia leo atakata tamaa agome kula, hapo nitakuwa nimemuua mimi. Na kijiweni walichanga ili atembee, wakisikia hatembei mnadhani nani ataleta tena hata mia? Nikimfikisha nyumbani kwa utaratibu, yule mzee akamkanda, mengine tumwachie Mungu, watajua wenyewe polepole. Noah nimeshatoa advansi, tunaondoka Jumamosi.

Bibi Harusi Mtarajiwa
Kumbe ulikuja na jibu mfukoni.

Mtumishi Asiyechoka
Usitamke kwamba hatatembea. Kinywa kinaumba. Mimi nimeshuhudia kwa macho yangu mtu kabebwa kwenye machela akatoka anatembea. Mlete kwenye maombi Ijumaa, usafiri tutasaidiana.

Dawa Asilia TZ
Kuna mafuta ya mbuni mchanganyiko na mizizi yanaamsha mishipa iliyolala, dozi tatu tu. Njoo PM.

Nesi Mama Kay
Huyo wa mafuta aondolewe. Mnyampaa nisikilize. Mzee wa kukanda asimguse huo mgongo, kuna vyuma ndani na mshono bado mbichi. Kwenye kutembea, wiki za mwanzo uti unakuwa kwenye mshtuko, picha kamili inachelewa kuonekana. Muulize dokta swali moja, je, ana hisia yoyote sehemu ya haja kubwa? Hapo ndo wanapopima, na majibu yake yanasema mengi kuliko wewe kumfinya vidole vya miguu.

Ila kinachowamaliza hawa vijana sio kutotembea. Ni vidonda na mkojo. Ageuzwe kila masaa mawili, mchana na usiku, watu wawili au watatu mkimgeuza kwa pamoja mwili unyooke kama gogo, mgongo usijikunje. Kila mkimgeuza angalieni kisigino, nyonga na pale chini ya kiuno, mkiona wekundu usiotoka msisugue, msimlazie tena hapo. Mto wa duara wenye tundu msinunue, unabana damu. Shuka lisiwe na mikunjo wala punje ya ugali. Mrija wa mkojo kuuvuta hapana, mfuko uwe chini ya kibofu muda wote, mkojo ukichafuka ukanuka na homa ikapanda ni hospitali, sio panado. Haya niambie, kwenye Noah masaa kumi na kitu atageuzwa na nani?

Mnyampaa_Mbezi
Wodini hamna mtu alitufundisha hayo. Wanapita mbio.

Nesi Mama Kay
Mwombe mtu wa fiziotherapia awafundishe wewe na shangazi kabla hamjaruhusiwa, usitoke bila hilo. Na usimtoe kwa kusaini mwenyewe kabla dokta hajamruhusu. Pitia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali uwaeleze hela imeisha, wapo kwa kazi hiyo.

Reli ya Kati
Kama lazima arudi kwa mama basi subirini aruhusiwe kihalali, pandeni SGR mpaka Dodoma, barabara mnakuwa mmebakiza kipande tu, na kliniki muombe rufaa hospitali ya Benjamin Mkapa palepale Dodoma. Treni haina matuta. Ila waulizeni kwanza kama wanapokea mgonjwa wa kulala.

Mzee wa Ushahidi
Naona mnalia sana humu. Mimi nanusa chai. Moja, ID imefunguliwa wiki hii. Mbili, post ya kwanza dogo "anacheka na washkaji", hapa mtu kaambiwa hatembei. Tatu, mama analia kila jioni kwenye simu, hapohapo mama hajui chochote. Analilia nini sasa? Nne, kapewa mchele kilo 25 kaupikia wapi na yeye analala benchi la hospitali? Mwaka jana alikuja jamaa humu na dada aliyeungua, tukachanga, baadae picha ikagundulika ni ya mgonjwa wa nchi nyingine. Subirini, post inayofuata ni namba ya kurushia hela.

Chuma Chakavu
Chai ya maziwa na tangawizi. Vitafunwa viko wapi?

Kijogoo wa Tandale
Swali la mchele ni la msingi lakini 😂

Bibi Harusi Mtarajiwa
Me nilishaanza kulia kumbe tunapigwa? Mleta mada weka picha ya PF3, futa jina.

Mnyampaa_Mbezi
Mchele aliuchukua shangazi kwake, ndo anapika anamletea mgonjwa, ulitaka niulalie? Mama anajua kavunjika, hajui hatatembea, mzazi hahitaji zaidi ya hapo kulia. Dogo anacheka kwa sababu nimeshasema HAJUI, unasoma nini wewe. ID ni mpya kwa sababu ile ya zamani kijiweni wanaijua, nusu yao wamo humu. PF3 ya mtu siweki hapa. Na nioneshe ni wapi nimeomba hela.

Mzee wa Ushahidi
Bado hujaomba. Neno "bado" ulizingatie.

Nesi Mama Kay
Iwe chai iwe uji, zile chupa zimeondolewa?

Mnyampaa_Mbezi
Zimeondolewa dada. Shangazi kanuna anasema namnyima dogo joto. Kisigino wamekifunga. Nesi wa zamu ameuliza aliungua lini, nikashindwa niseme nini.

Matairi Manne
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi niko kwenye kiti mwendo mwaka wa tisa sasa, nilidondoka kwenye mwembe, kwa hiyo wale wa "bodaboda wamezidi" nileteeni na sheria ya miembe.

Mnyampaa, nyumbani walinificha kama wewe unavyomficha dogo. Nilijua siku moja fundi alikuja kupima mlango wa choo upana, hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Hasira ile haikuwa ya miguu. Nilikaa na kaka yangu nyumba moja bila salamu kwa muda mrefu sana. Na dogo wako usimchukulie mtoto, mtu hasikii mkojo wake mwenyewe halafu wewe unadhani anaamini ni ganzi? Anakulinda na wewe. Muachie dokta aseme, ukiwepo, na mshkaji wake mmoja anayemuamini awepo. Hao wa kijiweni unawaogopa bure, waliopaka pikipiki rangi ndo hao watambeba ngazini.

Kupika anapika mtu, biashara anafanya mtu, mimi natengeneza simu na nina watoto wawili, wa pili kazaliwa baada ya ajali, maswali mengine mje PM. Kiti asinunuliwe cha dukani kile kizito cha kubebea wagonjwa, apimwe mwili. Hospitali ya CCBRT hapo Dar waulize, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT wanafundisha mafundi wa viti na viungo bandia. Baadae akitulia kuna ile mikopo ya halmashauri ya 4-4-2, yaani asilimia 4 wanawake, 4 vijana, hiyo 2 ya mwisho ni yetu wenye ulemavu.

Chuma Chakavu
Kwa mwembe nimeishiwa. Shikamoo mkuu.

Mtumishi Asiyechoka
Mimi nilisema kwa upendo. Mungu akutie nguvu ndugu yangu wa mwembe.

Mnyampaa_Mbezi
Nimeongea na mwenye Noah, advansi hairudi, anasema alishajaza mafuta, sawa. Ila mama bado simwambii mpaka nifike mwenyewe, hapo msinibadilishe. Kijiweni nimemuita mwenyekiti wao peke yake leo jioni. Matairi Manne naomba nije PM.

Wakili wa Kibarazani
Na lile daftari la Fuso nenda kaombe kulipiga picha.

Matairi Manne
PM iko wazi. Kesho nakuja mjini, muda wa kuona wagonjwa jioni nitakuwepo. Muulize mlinzi kama kuna geti lisilo na ngazi, na lifti inafanya kazi au ni pambo. Usimwambie dogo nakuja kumshauri, mwambie ni fundi simu.