Dobson ya inchi 8 f/6: lenzi ya jicho ya uwanja mpana, 24 mm au 30 mm?

Kusi_Tanga
Habari za jioni wakuu. Darubini ni Dobson (ya kioo, inayokaa kwenye kiti chake cha chini) ya Sky-Watcher, kioo mm 200, umbali wa fokasi mm 1200, yaani f/6 (1200 kwa 200). Lenzi za jicho ni zile mbili zilizokuja nayo, 25 mm na 10 mm. Ya 25 inaibana Kilimia mno: nyota yake Atlas ikiwa ukingo huu, nyota Electra iko ukingo wa pili. Natafuta lenzi moja ya uwanja mpana ya kukaa nayo miaka. Nimechuja, zimebaki tatu:

Explore Scientific 24 mm, nyuzi 68 (upana wa uwanja jicho linavyouona), shingo ya inchi 1.25
Explore Scientific 30 mm, nyuzi 82, shingo ya inchi 2
40 mm ya bei chee, nyuzi 70, inchi 2, ile inayouzwa kwa majina kibao

Naangalia zaidi kutoka Tanga mjini, Lushoto mara mojamoja. Ipi ichukuliwe?

FokasiNdefu
Ya 40 itoe kabisa. Gawanya milimita za lenzi kwa namba ya f: 40 kwa 6 ni mm 6.7. Huo ndio upana wa mwali unaoingia jichoni. Mboni ya mtu mzima wengi haifunguki kiasi hicho, na mjini ndiyo kabisa, kwa hiyo sehemu ya mwanga wa kioo chako inaishia kwenye kope. Halafu lenzi hizo za bei chee zinafanya kazi nzuri kwenye f/10, ila kwenye f/6 theluthi ya nje ya uwanja nyota zinageuka vistari.

Nyuzi 68 au 82 zilizoandikwa kwenye boksi zisikuchanganye. Kipande cha anga unachokipata kinaamuliwa na pete iliyo ndani ya lenzi. Chukua kipenyo cha pete, gawanya kwa fokasi ya darubini, zidisha kwa 57.3. Ya 24 mm ina pete ya mm 27 hivi, unapata nyuzi 1.3. Ya 30 mm ina pete ya mm 43, unapata nyuzi 2.05. Shingo ya inchi 1.25 haina nafasi ya pete kubwa kuliko hiyo ya mm 27, hata ungenunua lenzi ya bei gani.

Atlas na Electra zimeachana karibu nyuzi 1. Kwenye 1.3 Kilimia inaingia, lakini haina giza la kutosha pembeni. Kwenye 2 inapumua. Nebula ya Eta Carinae, wingu la gesi la anga ya kusini, nayo ina upana wa nyuzi 2 hivi.

Mama Darubini
Kabla hamjamuuzia mtu lenzi: kaka, unavaa miwani? Ya kusoma au ya astigmatizimu (jicho lisilopinda sawasawa pande zote)?

Kusi_Tanga
Astigmatizimu dada, 1.50 jicho la kulia, na ndilo ninalotumia. Nilidhani kwenye darubini miwani inavuliwa.

Mama Darubini
Inavuliwa kama tatizo ni kuona mbali au karibu tu, maana fokasa (kishikio cha lenzi unachozungusha kukaza picha) inalipa hilo. Astigmatizimu fokasa haiigusi. Inavyoonekana inategemea upana wa mwali: ukiwa mm 1, unatumia kipande kidogo tu katikati ya jicho na huoni kasoro. Ukiwa mm 4 au 5, kama kwenye hizo mbili zilizobaki, kila nyota itakuwa na mikia hata ile ya katikati kabisa, na utalaumu lenzi bure.

Kwa hiyo miwani inabaki usoni, na swali lako linabadilika: lenzi inakuruhusu kuweka jicho mbali kiasi gani? Mwenye miwani anahitaji karibu mm 20. Ya 24 mm inatangazwa kuwa na mm 18 na kitu, lakini kipimo huanzia kwenye kioo, na kioo kimezama ndani ya mpira, kwa hiyo unabaki na pungufu. Utaona katikati vizuri na ukingo utakukimbia. Nyuzi 68 umelipia, unazotumia labda 55.

Angalia APM Ultra Flat Field 30 mm, nyuzi 70, inchi 2. Nafasi ya jicho mm 22, pete mm 36.4, kwako ni nyuzi 1.74. Unapoteza kidogo dhidi ya ile ya nyuzi 82, ila unachopewa unakiona chote.

Ndege_wa_Usiku
Naunga mkono, na kuna suala la uzito. Ile ya 30 mm nyuzi 82 ni kilo 1 hivi, APM ni gramu 555. Dobson ikielekezwa chini, pua inazama yenyewe. Na kwa vile uko Tanga, vitu vitamu vya kusini viko chini: Eta Carinae haipandi zaidi ya nyuzi 35, Wingu Kubwa la Magellan (galaksi jirani) nyuzi 26 hivi. Utakuwa unapigana na bomba usiku kucha.

Dawa ni sumaku kwenye mwisho wa chini wa bomba, maana ni la chuma. Pima umbali kutoka kwenye ekseli, pale bomba linapogeukia: fokasa ikiwa sm 70 na sumaku sm 35, kila gramu 100 zilizoongezeka juu zinadai gramu 200 chini.

FokasiNdefu
Hoja ya miwani naikubali, sikuiuliza. Lakini mjini ya 24 bado ina utetezi: mwali wa mm 5 unang'arisha anga mara 1.56 kuliko wa mm 4. Taa za mjini zitafanya uwanja kuwa wa kijivu.

Mama Darubini
Kweli, ila kwa mjini anunue 9 mm ya SVBONY, ile ya mstari mwekundu, nyuzi 68. Inakuza mara 133, mwali mm 1.5, haikamui mfuko. Hiyo na ya 6 mm ndizo nzuri katika seti ile. Ya 15 na 20 ziache, kwenye f/6 kingo zake ni aibu.

Kusi_Tanga
Basi APM, na 9 mm baadaye. Ikifika nitajuaje kama ni nzima?

Ndege_wa_Usiku
Nyoosha vioo vya darubini kwanza, la sivyo unapima kosa lingine. Kisha weka nyota angavu ukingoni, zungusha fokasa taratibu:

Nyota ikikaza ukingoni huku katikati inafifia, uwanja umepinda. Kwa lenzi hii isiwe kubwa.
Ikiwa kistari kinachogeuka nyuzi 90 unapopita fokasi, ni astigmatizimu ya lenzi. Geuza kichwa: kistari kikigeuka nacho, ni jicho lako.
Ikiwa kama kimondo chenye mkia unaoelekea nje, hiyo ni koma, kasoro ya kawaida ya kioo kikuu. Usirudishe lenzi, haina hatia.

Upana upime kwa Mintaka, nyota ya mkanda wa Orion, iko karibu kabisa na ikweta ya anga. Acha darubini bila kuigusa, nyota ipite katikati ukingo hadi ukingo, gawanya sekunde kwa 239 (muda wa nyota kusogea nyuzi 1). Nyuzi 1.74 ni kama dakika 6 na sekunde 56.

Ukiona kivuli cheusi chenye umbo la haragwe, umesogeza jicho karibu mno. Rudi nyuma kidogo.

Mama Darubini
Na kwa hewa ya Tanga, boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli. Kuvu akishaotea kwenye utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo hafutiki. Ikitoka chumba cha eesii, iache ndani ya boksi nusu saa nje ndipo ufungue. Vumbi ni kipulizio kwanza. Kimiminika kiende kwenye karatasi ya lenzi, kamwe si kwenye kioo, maana kinapenya ukingoni hadi ndani.