MUN, Afrika Mashariki ya kuigiza au mdahalo: mwaka wa kwanza aingie ipi?

Nyota_Kirumba: Habari za jioni wakuu. Anayeanza mwaka wa kwanza vyuo vya hapa Mwanza, ana muda wa klabu moja tu. Umoja wa Mataifa wa kuigiza (MUN, wanafunzi hujifanya wajumbe wa nchi), mkutano wa kuigiza wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), au mdahalo? Naulizia kazi yenyewe, siyo vyeti na picha.

Sangara_Mkavu: MUN. Kwenye mdahalo unamshinda mpinzani basi. Huku unamhitaji, maana bila kura yake azimio lako halipiti. Jasho linatoka kabla ya kikao, kwenye karatasi ya msimamo: tatizo ni nini, nchi yako imeshasema na kupigia kura nini, inapendekeza nini. Ukurasa mmoja. Ukipewa Misri kwenye mada ya Nile, sahau kwamba unalala Malimbe hapa Mwanza. Unatetea mkataba wa 1959 wa kugawana maji na Sudan, na fungu la Misri la mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka. Wageni huanguka hapo: kibao mezani cha Misri, maneno ya Mtanzania.

Dagaa_wa_Igombe: Angalia na kamati. Baraza la Usalama lina viti 15, huna pa kujificha. Azimio linataka kura 9, na kati ya wale 5 wa kudumu asiwepo anayepinga. Akijizuia tu, linapita. Baraza Kuu ni nchi 193, na mambo mazito yanataka theluthi mbili ya waliosema ndiyo au hapana. Waliojizuia hawahesabiwi, na hesabu hiyo huwakosesha wengi. Kosa jingine: rasimu ya Baraza Kuu "inaiamuru" nchi fulani iondoe majeshi. Baraza Kuu hupendekeza. Mwenyekiti makini atairudisha.

Mzee_wa_Kamanga: Vijana, mimi nasema EAC. Wakuu wa Nchi huamua kwa mwafaka. Mmoja akigoma, mnaiandika sentensi upya mpaka akubali. Uandishi unajifunzwa hapo. Mada nazo ziko mlangoni: sangara wachanga, nyavu haramu, mipaka ya majini. Kenya ina asilimia 6 hivi ya Ziwa Victoria, Tanzania karibu nusu; hebu mkae mpange mgawo wa uvuvi muone. Ubaya wake ni nchi 8 tu. Mkiwa 40, wengine watabaki "washauri" wasiofungua kinywa.

Nyota_Kirumba: Shikamoo mzee. Na Kiingereza kikigoma?

Mzee_wa_Kamanga: Marahaba. Kwenye EAC ya kuigiza waombe kikao cha Kiswahili, hakuna cha ajabu.

Sangara_Mkavu: MUN ni Kiingereza zaidi, lugha rasmi za UN ni 6 na Kiswahili hakimo. Lakini hotuba huwa sekunde 60 au 90. Sekunde 60 ni maneno kama 120. Anza na pendekezo, salamu ziwe fupi, ushike kikaratasi chenye vidokezo vitatu. Anayesoma kwenye simu hugongewa nyundo akiwa bado anamshukuru mwenyekiti.

Dagaa_wa_Igombe: Kabla ya kulipa ada, omba kuona rasimu ya azimio la kikao chao cha mwisho. Wakikuonyesha picha za suti, nenda kwa mzee.