Ushauri: programu ipi ya fotogrametria (kujenga modeli ya 3D kutokana na picha nyingi) inafaa kurekodi mabaki ya merikebu chini ya maji?

Mlinzi_wa_Mabaki: Ndugu wanajukwaa, salamu. Kikundi chetu kinajiandaa kurekodi mabaki ya merikebu ya mbao yaliyo kwenye kina cha mita 18, katika maji yenye tope kiasi. Nimepewa jukumu la kupendekeza programu, nami ninasita kati ya Metashape, RealityScan (iliyokuwa ikiitwa RealityCapture) na Meshroom, ambayo ni programu huria. Modeli za majaribio za zote tatu zinapendeza, lakini tunachohitaji ni ramani ya kupimia mbao mojamoja, si picha ya kupamba ukuta. Ninyi mngezilinganishaje?

Nukta_Tatu: Pitisheni seti ileile ya picha katika kila programu. Wekeni fimbo za vipimo zenye urefu unaojulikana sehemu mbalimbali za eneo, ingizeni baadhi yake tu kwenye programu, kisha zile zilizobaki zipimeni ndani ya modeli na kulinganisha na urefu wake halisi. Ongezeni vina vya nukta kadhaa vilivyosomwa kwa kompyuta ya kuzamia, hata kama ni vya makadirio, kwa kuwa fimbo fupi pekee haziwezi kufichua modeli nzima iliyobonyea kama bakuli. Kabla ya kulipia, zingatieni pia kwamba toleo la Standard la Metashape halina fimbo za vipimo wala othofoto (picha iliyonyooshwa ili ipimike kama ramani). Hayo yamo katika toleo la Professional, ambalo ni ghali zaidi kwa mbali. Meshroom na RealityScan nazo hutegemea kadi ya michoro ya NVIDIA.

Kioo_Kuba: Hayo ni kweli, ila naona mnaanzia mwisho. Maji hupinda nuru, kipeo chake cha mpindo kikiwa takriban 1.33, na programu nyingi huchukulia mpindo huo kana kwamba ni kasoro ya lenzi. Dhana hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kamera ikiwa nyuma ya kioo cha kuba (kioo cha mviringo cha kasha lake la majini) kilichowekwa sawasawa kuliko nyuma ya kioo bapa, hasa pembezoni mwa picha. Fungeni fokasi na zumu zisibadilike, na taa zikae mbali na lenzi ili tope lising'ae mbele ya kamera. Picha zisipokuwa na mpishano wa kutosha, yaani kila moja isiporudia sehemu ya picha ya jirani, tofauti kati ya programu mnazozishindanisha haitakuwa na maana yoyote.

Mlinzi_wa_Mabaki: Nashukuru. Kioo chetu ni bapa na fedha ya kukibadilisha haipo. Je, jaribio bado lina faida?

Kioo_Kuba: Lina faida kubwa zaidi, maana mtajua kosa lenu ni la milimita ngapi, nanyi mtaliandika katika ripoti. Ongezeni mpishano na kutegemea zaidi sehemu ya katikati ya kila picha.

Nukta_Tatu: Na picha ghafi zihifadhiwe pamoja na vipimo vya fimbo. Modeli tunaweza kuijenga upya kwa programu nyingine baadaye; mbao zikishaliwa na minyoo ya bahari, hakuna wa kuzipiga picha tena.