Naomba ushauri: mguu wa mdogo wangu umeanza kucheza

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mdogo wangu, miaka 26, alianguka kwenye mwembe mwaka jana, akavunjika pingili ya T10 (ya kumi ya mgongo, sehemu ya kifua), miguu ikapooza. Amewekewa vyuma. Daktari alimpima mpaka njia ya haja kubwa: hana hisia wala hawezi kubana, akasema mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo imeumia kabisa. Mazoezi ya viungo tunafanya mara tatu kwa wiki, na usiku tunamgeuza (kidonda cha makalio kilishatukomesha).

Sasa wiki mbili hizi, nikimvua soksi, kidole gumba cha kulia kinajikunja na goti linapanda. Nikimwambia akichezeshe mwenyewe, kimya. Mama anashangilia, mimi roho juu.

Kuna mtu anatushawishi tuuze kiwanja akapandikizwe seli shina (stem cells, seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) nje ya nchi. Nilichosoma mimi ni cha umeme: Lausanne, Uswisi, 2022, wanaume watatu walioumia kabisa kama yeye walipandikizwa kifaa cha kupitisha umeme kwenye uti wa mgongo wakapiga hatua, ila kwa kushikiliwa, tena ni utafiti.

Naomba kujua: nitatofautishaje misuli kujikaza yenyewe na fahamu kurudi, arudiwe kipimo gani? Na aliyewahi kulipia hizo seli, mgonjwa alipata nini hasa?

Natanguliza shukrani.