Mrejesho: pampu ya kalsiamu ya koliflawa imeamka

Niliuliza kwa nini pampu ya kalsiamu (protini inayosukuma kalsiamu kupitia utando) katika tando za seli za koliflawa niliyonunua soko la Wakulima, hapa Nairobi, ilikuwa imezubaa hata nikiipa ATP, yaani nishati yake. Wadau, asanteni sana! Aliyesema niongeze kalmodulini (protini inayoshika kalsiamu) alinifaa mno: kasi ya pampu ilipanda waziwazi. Kumbe ncha ya N (mwanzo wa mnyororo) ya protini ya pampu yenyewe ndiyo inayoizuia pampu, na kalmodulini ikiishika, breki inaachia. Kwa wanyama breki hiyo iko ncha ya C, yaani mwisho wa mnyororo. Tripsini kidogo (kimeng'enya kinachokata protini) nayo iliiamsha pampu yangu, kwa kuikata ncha hiyo ya N. Kilichokwama ni kutenganisha utando wa vakuoli (kifuko kilicho ndani ya seli) na ule wa nje wa seli, bado zinachanganyika. Atakayejaribu akokotoe kalsiamu iliyo huru, maana EGTA, kemikali ya kunasa kalsiamu, hushika nyingi.